Uchape Huko Huko au Utume Mtwara? Ulinganisho wa Mahali pa Kuchapa Nyaraka kwa Aishiye Ughaibuni

Anayeondoka Mtwara au Lindi kwenda kusoma au kufanya kazi ng'ambo huacha nyuma neema moja ambayo haitambui mpaka aikose, nayo ni steshenari. Kuanzia jirani na Hospitali ya Ligula hadi Stendi ya Mkanaledi, na vivyo hivyo ukifika Lindi mjini, Masasi au Newala, mtu huingia na simu mkononi, humtumia kijana wa dukani faili lake kwa WhatsApp, na kabla hajamaliza kusalimiana na waliomtangulia kwenye foleni karatasi zake zimekwisha kutoka na kubanwa pini. Kijana huyo haendeshi mashine tu. Ndiye anayekwambia kwamba kivuli cha kitambulisho chako hakisomeki, kwamba fomu ina kurasa nne nawe umetuma tatu, na kwamba mtendaji wa mtaa hatapokea barua isiyo na tarehe. Ughaibuni kazi hizo zote hukuangukia wewe mwenyewe, aghalabu mbele ya mashine isiyojua Kiswahili na ukiwa umebakiwa na nusu saa kabla ofisi unayoikimbilia haijafungwa.

Nilikaa Japani kwa masomo miaka miwili na ushei, kisha nikarudi Mtwara, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kupokea karatasi za ndugu na marafiki walioko nchi mbalimbali na kuwahangaikia katika maofisi ya hapa. Kwa hiyo ulinganisho huu nauandika nikiwa nimesimama pande zote mbili za bahasha.

Wengi huanza na swali la bei ya ukurasa. Kwa mtu anayechapa kurasa kumi kwa mwezi, hata hivyo, tofauti ya bei kati ya sehemu moja na nyingine huwa ndogo kuliko nauli ya kuifikia sehemu hiyo. Swali linaloamua ni jingine: karatasi hii itakabidhiwa wapi, na saini ya nani inatakiwa juu yake? Mkataba wa chumba cha kupanga Osaka utakabidhiwa Osaka. Hati ya uwakilishi ya kumruhusu dada yako auze kiwanja cha Mikindani itatumika Mtwara, lakini inadai saini yako ya wino na muhuri wa mthibitishaji, yaani ofisa au wakili anayeshuhudia saini, wa huko uliko. Barua ya kumwombea uhamisho wa shule mtoto aliyebaki kwa bibi yake Nachingwea itatumika Nachingwea, na inatosha kusainiwa na bibi huyo. Karatasi za aina hizi tatu hazichapwi mahali pamoja, na hasara nyingi nilizozishuhudia zilitokana na kuzichanganya.

Karatasi za kutumika huko huko

Kwa aliyeko Japani jibu ni jepesi kuliko kwingine kote. Maduka madogo yanayofunguliwa saa 24, ambayo wenyewe huyaita konbini, huwa na mashine kubwa ya kuchapa, kudurufu na kuskani, na mji wenye watu hauwezi kuyakosa. Unapakia faili kwenye tovuti au programu ya simu ukiwa kitandani, unapewa msimbo mfupi, unakwenda dukani, unauingiza kwenye mashine, unatumbukiza sarafu na karatasi zinatoka. Bei niliyoizoea ilikuwa yeni 20 kwa ukurasa mweusi wa A4 na yeni 10 kwa kudurufu. La kuangalia ni kwamba 7-Eleven wana mfumo wao, ilhali FamilyMart na Lawson hutumia mfumo mwingine wa pamoja, hivyo msimbo wa huku haufui dafu kule. Mimi nililijua hilo usiku wa baridi, nikiwa nimesimama katika FamilyMart na msimbo wa 7-Eleven, nikiamini kwamba mashine ni mbovu.

Ubora wa konbini ni saa zake na upweke wake: hakuna anayesoma karatasi zako, na saa nane za usiku ni sawa na saa nane za mchana. Upweke huo huo ndio kasoro yake. Mhudumu wa kaunta kazi yake ni kuuza wali wa kufungasha na chai ya chupa, hivyo faili likikaa upande karatasi hutoka upande, na hela imekwenda. Yupo pia shetani wa kifuniko cha mashine, anayewafanya watu wadurufu pasipoti, wachukue kivuli, kisha waondoke na kuiacha pasipoti yenyewe juu ya kioo. Nimeona ikimpata mtu mwangalifu sana, kwa hiyo usidhani utasalimika kwa sababu wewe si mzembe.

Uingereza ni kinyume chake karibu kwa kila kipimo. Huko sheria ya mwaka 1964 inazitaka mamlaka za serikali za mitaa kutoa huduma ya maktaba kwa umma, na maktaba hizo, mbali na vitabu, huwa na kompyuta na printa ambazo mwanachama huzitumia kwa malipo madogo. Uzuri wake ni kwamba yupo mkutubi, mtu mwenye subira, ambaye ukimweleza shida yako atasimama nawe mpaka ukurasa wa mwisho utoke. Kati ya yote niliyoyalinganisha, yeye ndiye anayekaribiana zaidi na kijana wetu wa Mkanaledi. Ubaya ni saa. Maktaba nyingi hufungwa mapema jioni, na zipo zinazofunguliwa siku chache tu kwa wiki. Mwenye miadi Jumatatu asubuhi aliyekumbuka fomu yake Jumapili usiku hana pa kukimbilia. Maduka ya vifaa vya ofisi kama Ryman huziba sehemu ya pengo hilo katika barabara za biashara, ingawa nayo si ya usiku. Kama ningetakiwa kuchagua kati ya konbini na maktaba kwa mgeni wa wiki ya kwanza asiyejua lugha wala mashine, ningempeleka maktaba. Kwa aliyekwisha kuzoea, konbini.

India, China na Uturuki ni habari ya tatu, kwa sababu huko pana maduka yanayofanana na ya kwetu, hasa kuzunguka vyuo. Aliyekwenda India kwa masomo au kwa matibabu aulize tu ilipo "Xerox", kwani jina la kampuni moja limekuwa jina la maduka yote ya kudurufu, na dereva yeyote wa bajaji atamwonyesha. Uturuki duka huitwa kırtasiye, neno lenye maana ile ile ya steshenari, na mengi kati ya maduka hayo huuza daftari, yakadurufu na kuchapa chini ya paa moja kama hapa. Mahali kama hapo unazungumza na mtu, mtu anakutengenezea, na bei inasemwa kwa mdomo.

China ndiko kunakohitaji maandalizi. Duka lipo, pengine mlangoni kabisa mwa chuo, lakini mwenye duka hupokea faili kwa WeChat, programu ya mawasiliano ya huko, na malipo kwa simu, na mitandao ya kawaida ya huko haifungui Gmail wala WhatsApp. Mwanafunzi aliyehifadhi cheti cha kuzaliwa, barua ya chuo na picha za pasipoti ndani ya Gmail hujikuta amesimama mbele ya duka zuri na mikono mitupu. Isitoshe, mgeni asiyelala hotelini anatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24 tangu kufika, kwa hiyo haja ya vivuli inaweza kumkuta siku ya kwanza, kabla hata hajapata laini ya simu. Flashi yenye nyaraka zote, pamoja na vivuli vichache vya karatasi mkobani, ndiyo dawa, na vyote viandaliwe kabla ya kupanda ndege.

Kwa watu wetu wa pwani wanaokwenda Oman, ofisi za Sanad zinastahili kutajwa pembeni ya hizi zote kwa sababu haziuzi uchapaji peke yake. Zinakuandikia maombi kwa Kiarabu, zinayachapa na kuyawasilisha serikalini kwa niaba yako. Ni ghali kuliko kuchapa tu, lakini asiyeandika Kiarabu hana sababu ya kujitesa ili kuokoa kiasi hicho.

Marekani maduka yamejaa, kama FedEx Office, The UPS Store na Staples, na maktaba za umma nazo zipo. Kikwazo huko ni karatasi yenyewe. Dunia iliyo kubwa, Tanzania ikiwamo, hutumia A4, yenye upana wa milimita 210 na urefu wa 297. Marekani na Kanada hutumia karatasi iitwayo Letter, yenye upana wa milimita 216 na urefu wa 279. Kwa macho ni ndugu pacha, lakini Letter ni fupi kwa milimita 18, nafasi inayotosha mistari mitatu au minne ya maandishi.

Mdogo wangu aliyeko huko aliijua tofauti hiyo kwa gharama. Alipokea kutoka kwangu fomu ya ridhaa iliyoandaliwa hapa kwa A4, akaichapa dukani kwa ukubwa wake halisi, akaisaini, akathibitishiwa na kugongewa muhuri, kisha akaituma kwa kampuni ya vifurushi. Niliipeleka katika ofisi iliyokuwa inaihitaji. Afisa aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena, kisha akaniuliza kwa upole, "Kaka, shahidi wako yuko wapi?" Mstari wa shahidi ulikuwa chini kabisa ya ukurasa, na ulibaki Marekani. Ikabidi arudie kila kitu, muhuri na kifurushi vikiwamo. Tangu siku ile, fomu yoyote ninayomwandalia mtu wa Marekani au Kanada naiachia nafasi tupu ya sentimita nne chini, na namwagiza aiambie mashine ipunguze maandishi yaenee kwenye karatasi badala ya kuchapa kwa ukubwa halisi.

Printa ya kazini na printa ya nyumbani

Printa ya chuo ni halali yako na mara nyingi ina kiwango ulichokwisha kulipiwa ndani ya ada, kwa hiyo itumie. Printa ya mwajiri ni jambo jingine. Mashine nyingi za ofisini huhifadhi kumbukumbu ya jina la faili, aliyelituma na saa aliyolituma, na si kila mtu angependa mkuu wake ajue kwamba saa sita na robo alichapa maombi ya kazi kwa washindani wao au majibu yake ya hospitali.

Kununua yako kunategemea wingi. Printa ya wino wa maji huuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini katriji zake ni ghali, na zaidi ya hapo wino hukauka kwenye matundu ikiwa mashine haitumiki; anayechapa mara moja kwa mwezi hununua katriji mpya karibu kila anapotaka kuchapa. Printa ya leza ni ghali mwanzoni, lakini tona ni unga na haikauki, hata ukiiacha miezi mitatu. Familia yenye watoto wa shule ichukue leza ndogo ya rangi nyeusi. Mwanafunzi mmoja aachane na zote mbili.

Atakayenunua asipange kurudi nayo nyumbani bila kusoma kibandiko cha nyuma. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani 120, na wetu ni 230. Printa niliyoifunga kwa nguo na kuibeba kutoka Japani ilifanya kazi Mtwara kwa muda mfupi sana, kisha ikatoa harufu ambayo mama hajaisahau hadi leo.

Tofauti ya wino na tona ina uzito mwingine unapofikiria mvua. Maandishi mengi ya wino wa maji huvuja yakilowa, na karatasi inayosafiri kwa bodaboda mwezi wa Februari kutoka Chuno kwenda ofisini haina hakika ya kufika kavu. Kwa hiyo hati yoyote itakayosafiri kuja huku nashauri ichapwe kwa leza, na hilo ni jambo la kuuliza dukani kabla ya kulipa.

Karatasi za kutumika nyumbani

Hapa ndipo pana uamuzi mkubwa. Kwa karatasi isiyohitaji saini yako ya wino, kuichapa ughaibuni na kuituma ni kulipa mara mbili kwa kitu kitakachochelewa. Itume kama faili, ndugu aichape steshenari ya hapa. Kopi ya ukurasa mmoja imezoeleka kuwa shilingi 100, kuprinti huzidi hapo kidogo, na kazi inakamilika siku hiyo hiyo. Muhimu ni namna ya kutuma. Tuma PDF, usitume faili la Word, kwa maana kompyuta ya dukani isipokuwa na aina yako ya herufi, mistari husogea na saini huhamia ukurasa wa pili peke yake. Tuma kama waraka, usitume kama picha, kwani WhatsApp hupunguza ubora wa picha na mhuri hugeuka doa. Hesabu pia saa: Japani iko mbele yetu kwa saa sita, hivyo duka la Mtwara linapofunguliwa saa mbili asubuhi, Tokyo ni saa nane mchana, London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi. Kabla ya kumtoa ndugu nyumbani, uliza kama umeme upo au kama duka lina jenereta.

Udhaifu wa njia hii ni faragha. Kompyuta ya steshenari hujaa pasipoti na vyeti vya watu, navyo hukaa humo mpaka mtu akumbuke kuvifuta. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inamgusa pia mwenye duka dogo, lakini ulinzi wa kwanza ni ndugu yako kusimama pale, kuomba faili lifutwe kwenye simu na kwenye kompyuta, na kuliona likifutwa. Katika hili konbini inaishinda steshenari, nami nakiri hivyo ingawa steshenari naipenda.

Saini ya kielektroniki nayo inajadiliwa sana na waishio nje. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua, na kwa shughuli nyingi za kampuni inatosha. Kwenye kaunta za kata na mitaa, hata hivyo, macho bado yanatafuta wino na mhuri. Mpigie anayeipokea kwanza. Simu ya dakika mbili imeniokolea vifurushi viwili.

Ile karatasi inayodai saini yako na muhuri wa mthibitishaji au wa ubalozi haina njia ya mkato: lazima ichapwe huko uliko. Iandaliwe hapa Mtwara na wakili atakayeisimamia, ili maneno yalingane na yanayotakiwa, itumwe kwako kama PDF, uichape nakala mbili halisi kwa leza, uzisaini zote mbili mbele ya mthibitishaji katika safari moja, na uziskani kabla hazijaondoka mikononi mwako. Nakala ya pili ibaki kwako. Kuhusu kusafirisha, EMS ya posta ni nafuu, nayo kampuni binafsi za vifurushi huwa na kasi zaidi. Wengi hupenda kumpa msafiri, kwa kuwa ni bure na ni mtu wa kwetu, lakini msafiri huyo hushukia Dar es Salaam, naye ana mizigo yake na shughuli zake, na bado zimebaki kilomita zaidi ya 500 hadi Mtwara. Nimewahi kungoja bahasha iliyokaa Mbagala muda mrefu kuliko ulioitoa Ulaya. Ukimpa msafiri, basi awepo Dar es Salaam mtu wa kuipokea siku hiyo hiyo na kuiweka kwenye basi la Mtwara au Lindi, kisha akutumie namba ya basi.

Yanayofaa kuchapwa kabla ya kuondoka

Baadhi ya karatasi hazina haja ya kungoja ughaibuni. Vivuli vya cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha NIDA vithibitishwe na wakili wa hapa, kwa kuwa wakili wa ng'ambo huweza kusita kuthibitisha cheti cha Tanzania asichokijua. Picha nazo zina vipimo vyake: viza ya Marekani hutaka milimita 51 kwa 51, nchi za Ulaya za Schengen 35 kwa 45, na China 33 kwa 48. Mpiga picha wa Mtwara au Lindi akitajiwa vipimo hivyo atavikata, nawe umwombe pia faili la picha. Vyote viingie katika flashi na katika bahasha ya plastiki isiyopitisha maji, pamoja na namba ya kijana wa steshenari unayemwamini, ikiwa imehifadhiwa katika simu na kuandikwa kwa mkono nyuma ya bahasha, kwa sababu simu hupotea.